Hela, Ng'ombe na Maneno

Leo sina habari za mvua wala za bei ya maharage. Nina neno moja tu, tena la kigeni. Nawaomba mnivumilie, kwa maana neno hili limesafiri mbali sana kabla ya kufika mlangoni petu, na ndani yake limebeba ng'ombe.

Nililipata hivi. Kijana mmoja wa Kasulu, mwanafunzi wa sekondari, aliniletea kitabu kikuukuu cha kujifunzia Kidachi, alichokiona katika sanduku la marehemu babu yake. Nasema Kidachi kama walivyosema wazee wetu. Leo watu husema Kijerumani, na Wadachi ndio Wajerumani. Kurasa za mwisho za kitabu kile zilijaa maneno yaliyopangwa safu mbili, na juu yake limepigwa chapa neno moja kwa herufi nene: Wortschatz. Akaniuliza, "Mwalimu, hili maana yake nini?" Nikamjibu upesi, kama walimu wajibuvyo kengele inapokaribia kulia, "Msamiati." Akaandika, akashukuru, akaenda zake. Usiku ule sikutulia, kwani nilijua kwamba nimempa ganda, nami nimebaki na kiini.

Basi nisikilizeni ninyi badala yake. Neno hili hutamkwa vort-shats. W ya Wadachi ni V yetu, na tz ya mwisho ni ts kavu, kama sauti ya jiwe la moto likitiwa majini. Wadachi hupenda kuunganisha maneno mawili wakafanya moja, na hapa wameunganisha Wort na Schatz.

Wort ni neno. Hapo hapana ajabu, ila Wadachi wana wingi wa namna mbili kwa neno hilo, jambo ambalo huwatesa wanafunzi wao kama ngeli zetu zinavyowatesa wageni. Wörter ni maneno moja moja, kama yalivyo katika kamusi, ambayo mtu aweza kuyahesabu kama mbuzi wapitao mlangoni mwa zizi. Worte ni maneno yaliyofungamana katika usemi: wosia wa mzee, ahadi ya rafiki, hotuba ya msibani. Kiswahili hakitofautishi kwa umbo, lakini hutofautisha kwa matumizi. Ukisikia kwamba kati ya ndugu wawili kuna maneno, huendi kuyahesabu, waenda kuwapatanisha.

Sasa Schatz. Mdachi wa leo akilitaja hukusudia hazina: dhahabu, fedha na vito vilivyofichwa mahali. Tena humwita mpenzi wake au mtoto wake Schatz, kama nasi tusemavyo johari yangu. Kwa hiyo Wortschatz ni hazina ya maneno: maneno yote ya lugha moja, au maneno yote aliyo nayo mtu mmoja kichwani mwake. Ningeweza kukoma hapa, na wengi hukoma hapa. Lakini neno Schatz halikuanza maisha yake likiwa dhahabu iliyofichwa.

Katika Kidachi cha kale, yapata miaka elfu moja na zaidi iliyopita, lilikuwa scaz, na maana yake ilikuwa sarafu, fedha na mali. Wagothi, taifa ambalo lugha yake imekwisha kufa, walisema skatts, yaani sarafu. Waingereza wa kale walikuwa na sarafu yao iliyoitwa sceatt. Wafrisia wa kale, waliokaa ukingoni mwa Bahari ya Kaskazini kwenye majani mengi ya malisho, walisema sket, na kwao neno hilo moja lilikuwa fedha na pia lilikuwa ng'ombe. Warusi hata leo huwaita mifugo skot, na wataalamu wa lugha hushindana ni nani aliyemkopa mwenziwe. Mambo kama haya si ya Wadachi peke yao. Warumi waliita fedha pecunia, na mzizi wa neno hilo ni pecus, yaani mifugo. Waarabu, ambao kwao tumepata neno mali, walilitumia pia kwa ngamia na mifugo, hasa wale wakaao jangwani.

Mtu wa mjini akisikia haya hucheka. Mtu wa Heru au wa Muhambwe hana haja ya kucheka, kwa maana bibi yake alijua jambo hili bila kitabu. Katika nchi hii ya juu, isiyosumbuliwa sana na mbung'o kama mabonde yaliyo chini yake, ng'ombe wenye pembe ndefu ndio waliokuwa mali ya kuitwa mali. Wala mwenye ng'ombe wengi hakuwafungia wote katika zizi lake mwenyewe. Palikuwa na desturi ya ubugabire, ambayo Warundi nao walikuwa nayo. Tajiri alimpa mtu mwingine ng'ombe mmoja au zaidi awatunze. Mpokeaji akapata maziwa ya watoto wake na mbolea ya shamba lake, naye akamtumikia mpaji na kumheshimu. Ndama wakizaliwa, palikuwa na kanuni ya nani apate yupi. Sitaki kuipaka habari hii asali, kwani mwenye ng'ombe alikuwa bwana na asiye naye alikuwa chini yake. Lakini angalieni jinsi mali ile ilivyofanya kazi: ilikua kwa kutoka nje ya zizi. Ng'ombe aliyefungwa daima hakumletea mtu yeyote jamaa mpya.

Ndiyo maana katika lugha za milima hii ng'ombe ameingia hata katika salamu. Huko Burundi na Rwanda kuna salamu ya zamani isemayo amashyo, yaani makundi ya ng'ombe, na mwenye kuamkiwa huitikia amashongore, akimtakia mwenziwe makundi ya majike. Na kwa ng'ombe wa kahawia nyepesi wana jina lake, gaju; na kwa yule wa wekundu uliokolea wana jina jingine, bihogo. Mtu wa pwani angesema tu ng'ombe mwekundu, akaenda zake. Lakini mtu huyo huyo wa pwani, mpeleke baharini, atakutajia mtepe, jahazi, dau, ngalawa na mashua, na kwa upepo atakuambia kama ni kusi au kaskazi, na wewe wa Kasulu utaona vyote ni vyombo na pepo. Hazina ya maneno ya watu iko pale ilipo kazi yao.

Sasa huenda mtaniuliza, ni nani aliyeyaita maneno hazina kwanza? Hapa Wadachi hawakuwa wa kwanza. Wayunani walikuwa na neno thesauros, lenye maana ya hazina na pia ghala ya kuwekea vitu vya thamani. Wataalamu wa Ulaya walioandika kwa Kilatini wakalichukua na kulifanya jina la vitabu vya maneno. Robert Estienne, mpiga chapa wa Paris, alitoa kamusi yake kubwa ya Kilatini mwaka 1531 akaiita Thesaurus. Mwanawe Henri akafuata mwaka 1572 kwa Kiyunani. Wadachi wakaona wivu, kwani lugha yao wakati ule ilidharauliwa na wenyewe waliosoma, ambao waliona Kilatini na Kifaransa ndizo lugha za watu wenye akili. Mwaka 1691 Kaspar Stieler akatoa kamusi kubwa ya Kidachi, na katika jina lake akatia neno Sprachschatz, hazina ya lugha. Angalieni ujasiri wa jambo hilo. Lugha iliyosemwa na wakulima na wapishi, yeye aliiita hazina, kwa neno lao wenyewe, si kwa Kiyunani.

Waarabu walikwenda njia nyingine, na hii napenda kuisimulia kwa sababu imetufikia sisi. Al-Firuzabadi, aliyekufa mwanzoni mwa karne ya 15, aliandika kitabu kikubwa cha maneno akakiita al-Qamus al-Muhit, yaani bahari izungukayo dunia. Kitabu kikapendwa mno hata jina lake likawa jina la vitabu vyote vya namna hiyo. Basi kamusi mliyo nayo mikononi, wanafunzi, ni bahari, ijapokuwa mko mbali na pwani. Na neno hazina lenyewe nalo tulilipata kwa Waarabu.

Wadachi wana neno la tatu, Vokabel, litokalo katika Kilatini, kwenye mzizi wa kuita. Maana yake ni kitu kinachoitwa kwa jina. Hilo ni neno la darasani. Mtoto wa Kidachi hukariri Vokabeln za Kiingereza usiku, na kesho yake mwalimu humwuliza. Hakuna amwitaye mpenzi wake Vokabel.

Nimesema kwamba Schatz ilikuwa sarafu. Hapo ndipo neno hili linapokutana nasi kwa namna ambayo sikuitazamia. Wadachi walipotawala nchi hii walikuta rupia, na kila rupia moja ilikuwa pesa 64. Hesabu hiyo iliwachosha, na mwaka 1904 wakaanza kutoa sarafu mpya, mia kwa rupia moja, wakaiita Heller. Jina hilo lilikuwa la zamani kwao, kutoka mji wa Hall, uitwao leo Schwäbisch Hall, ambako vijisarafu vya namna hiyo vilipigwa katika karne za kati. Watu wetu wakalisikia, wakalipunguza mkia, wakasema hela. Vita vilipokuja, na meli zisiweze kuleta sarafu kutoka Ulaya, walizipiga Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano, mafundi wakitumia vyuma walivyovipata. Mwaka huo huo Wabelgiji wakaiteka Kigoma na nchi ya Buha, wakakaa mpaka 1921, ndipo wakaja Waingereza na shilingi zao. Rupia ikafa. Heller ikafa. Lakini hela haikufa. Mpaka leo mtu akiwa hana kitu mfukoni husema hana hela, na Warundi huita fedha amahera. Mfalme wa Wadachi alipoteza nchi yake ya Afrika na kiti chake pia, na sarafu yake ndogo kuliko zote karibu ikabaki katika vinywa vyetu.

Shule nayo ilitoka huko huko, katika neno Schule. Mzanzibari, aliyetawaliwa na Waingereza, husema skuli. Sisi wa bara twasema shule. Wadachi wenyewe walilipata kwa Warumi, na Warumi kwa Wayunani, ambao kwao maana ya kwanza ilikuwa nafasi ya kupumzika baada ya kazi. Nawasikia wanafunzi wakicheka. Chekeni.

Basi maneno huingia katika hazina yetu kama ng'ombe waingiavyo zizini: wengine wamezaliwa humo, wengine wameletwa kwa mahari, wengine wamekuja kwa vita. Akiisha kuzaa ndama hakuna amwulizaye alitoka wapi.

Yako pia maneno yaliyochukuliwa kutoka kwetu. Johann Ludwig Krapf, Mdachi wa Württemberg, alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza kukusanya maneno. Mwaka 1850 orodha yake ya maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki ilipigwa chapa Tübingen. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, na mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Mwenzake Johannes Rebmann alitengeneza kamusi ya lugha ya watu wa Nyasa, iliyotoka mwaka 1877, naye hakwenda Nyasa kujifunza. Aliipata Rabai, karibu na Mombasa, kinywani mwa mtumwa aitwaye Salimini, aliyeng'olewa kwao akaletwa pwani. Nikifikiri juu ya neno Wortschatz humkumbuka Salimini. Alinyang'anywa nchi yake na watu wake, na aliyokuwa amebaki nayo ni maneno, na hayo yakajaza kitabu kizima.

Na Kiha je? Mwaka 1992 orodha ya maneno ya Kiha, iliyotengenezwa na mtaalamu Nakagawa, ilipigwa chapa Tokyo. Mwaka 2004 kitabu cha Lotta Harjula, mwanamke wa Finland, chenye sarufi ya Kiha na maneno yake, kilipigwa chapa Köln, katika nchi hiyo hiyo ya Wadachi. Nawashukuru wote wawili, na sisemi kwa kejeli. Walikaa na wazee wetu, wakauliza kwa subira, wakaandika kwa uangalifu. Lakini fikirini jambo hili: mtu wa Tokyo aweza kuvuka barabara akasoma orodha ya maneno ya bibi yako, nawe uliye Kasulu huna nauli ya kwenda kuiona. Nayo imeandikwa kwa wasomi, katika Kiingereza. Hazina iko, ufunguo uko kwa jirani wa mbali.

Hapa sina budi kuwaeleza jambo moja zaidi la Wadachi. Wao hugawa Wortschatz ya mtu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni maneno atendayo kazi nayo, anayoyasema na kuyaandika mwenyewe. La pili ni maneno ayaelewayo akiyasikia, lakini hayamjii kinywani. La pili huwa kubwa kuliko la kwanza kwa kila mtu, hata kwa mwalimu. Ni kama hela zilizo mfukoni na hela zilizo ndani ya sanduku lililofungwa. Hapana aibu katika jambo hilo, ila sanduku likikaa bila kufunguliwa tangu baba mpaka mwana, mjukuu hulikuta na kutu.

Nendeni nyumba nyingi za mjini Kasulu au Kibondo jioni mkasikilize. Bibi husema Kiha. Mtoto huelewa kila kitu; akiambiwa alete kuni, huleta kuni; akiambiwa habari ya msiba, husikitika mahali pa kusikitika. Lakini hujibu kwa Kiswahili. Shuleni hufunza kichwa chake kwa Kiswahili, na akifika sekondari hukifunza tena kwa Kiingereza, na lugha ya bibi husogea nyuma, kutoka mfukoni mpaka sandukuni. Sisemi kwamba Kiswahili kimefanya ubaya. Kwa Kiswahili nasema nanyi sasa, na kwa Kiswahili mtu wa Kibondo husemezana na mtu wa Mtwara bila mkalimani. Wala sidhani Kiha kitakufa kesho. Watu wasemao ni wengi, na ndugu yake Kirundi anasemwa na mamilioni ng'ambo ya mpaka. Kinachopotea kwanza si lugha nzima, ni pembe zake: majina ya rangi za ng'ombe, ya miti ya dawa, ya sehemu za mtungi, ya namna za mvua. Kwa hayo mtoto asiyechunga na asiyefinyanga hana haja ya kila siku. Ndugu wawili Grimm, wale wa hadithi, walianza kamusi ya Kidachi mwaka 1838 wakiwa na wasaidizi wengi wa kuwasomea vitabu. Jacob alikufa mwaka 1863 akiwa amefika neno Frucht, yaani tunda, na kazi yote haikwisha mpaka mwaka 1961. Hiyo ilikuwa lugha yenye vitabu. Maneno yetu mengi yamo katika vichwa vyenye mvi, na kichwa hakina toleo la pili.

Nilimwita tena yule kijana. Nikamwomba radhi kwa jibu langu la kwanza, nikamweleza haya niliyowaeleza ninyi, naye akasikiliza, hasa ilipofika habari ya ng'ombe. Nikamwambia, "Bibi yako yu hai?" Akasema yu hai. Nikampa daftari la kurasa 96 na kalamu.

Alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa ameandika maneno 112 ya ng'ombe na maziwa peke yake, na mengi alikiri kwamba alikuwa akiyaelewa tangu utoto wake lakini hajapata kuyatamka. Juu ya ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika Wortschatz kwa wino mwekundu, na chini yake, kwa Kiha, amajambo. Katikati ya ukurasa wa tano palikuwa na mstari mtupu. Nikamwuliza kwa nini. Akasema bibi yake, mtu wa Heru, alimpa jina la ng'ombe mwenye mabaka fulani, na jirani yao, mama mmoja aliyeolewa kutoka Muhambwe, akapita akasikia, akasema hapana, huyo si jina lake, huyo ni mwingine. Wakaketi wote wawili. Wakamtuma kijana alete maharage wayachambue, maana waliona shauri hili halitakwisha upesi. Wakabishana mpaka jua likachwa, kwa Kiha kitupu, na kijana akiuliza na kujibu katikati yao, bila yeye mwenyewe kuona alianza lini.

Kesho yake walikutana tena. Mstari ule, niliposikia habari zao mara ya mwisho, ulikuwa bado mtupu.

Kwaherini.